Mashine Uani, Mama Chumbani

Jumatatu, 7 Aprili

Mikono ya gauni la Bi Tatu imekaa vizuri. Kola bado. Nimeshona mpaka adhuhuri, kisha kelele zikanishinda.

Hamza kaanza kazi. Kijana wa Pongwe, ana banda la kuoshea magari pale barabarani. Msimu wa mvua magari hayaji, kwa hiyo anaizungusha mashine yake ya presha kwenye nyumba za watu huku kwetu Chumbageni. Injini ya petroli juu ya magurudumu mawili, mpira mrefu, na ncha anayoishika kama bunduki. Ukuta wa mbele ulikuwa mweusi kwa ukungu tangu masika ya mwaka jana. Sasa mweupe. Nyumba ya babu imerudi ujana, upande mmoja.

Maji yale si ya mchezo. Yalimpitia juu ya kandambili, ukanda ukakatika kama kwa wembe. Kidole kimebaki na mstari mwekundu, basi. Kacheka. Nikamwambia kesho aje na buti au asije.

Salma yuko nyuma yake kila anapogeuka. Mdogo wangu huyu, kaja jana kutoka Moa kwa mumewe, kwa ajili ya hitima ya mama. Jumapili ya tarehe ishirini, mwaka mmoja. Anataka nyumba nzima ioshwe, na zaidi chumba cha mama, ambacho mimi naingia kufagia tu na kutoka. Ana haraka. Anazunguka kama mtu aliyechelewa mahali. Na kweli alichelewa. Mama alizikwa alasiri, yeye akafika magharibi. Hajanisamehe kwa kutomsubiri. Hajasema, lakini najua.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Hamza kaja na buti. Mashine kaiweka uani, chini ya mabati, karibu na dirisha la chumba cha mama. Mngurumo unapiga ukuta huu unarudi ukuta ule. Meno yanatetemeka.

Kichwa kinaniuma. Salma naye kinamuuma, lakini yeye anafunga sita za Shawali. Anasema ni kiu.

Alasiri alikuwa chumbani kwa mama anakunja kanga. Katoka uso umempauka, kasimama mbele ya cherehani yangu.

"Dada, umeniita?"

Sikumwita.

"Basi nani?"

Nikamwambia ni mashine. Karudi ndani, kaacha mlango wazi nusu.

Jumatano, 9 Aprili

Hamza kafunga turubali juu ya uani wote ili afanye kazi bila kulowa. Wazo la Salma. Uani umekuwa hema. Giza, joto, harufu ya petroli. Salma kafukiza udi kuiua harufu.

Leo kamsikia tena. Na safari hii kasikia jina. "Samli." Mama peke yake ndiye aliyemwita hivyo, tangu Salma akiwa mtoto mnono anayeng'aa mafuta. Hata mumewe jina hilo halijui. Kanisimulia huku anacheka na machozi yanamtoka, mikono yote miwili kifuani. Sijamwona na furaha ile tangu tukiwa wasichana.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Nimeona wivu. Ni mimi niliyemgeuza mama kitandani miaka yote ile ya ugonjwa wake. Mimi niliyemnawisha, niliyemlisha uji kwa kijiko, niliyemfumba macho. Mwaka mzima nimelala mlango wa pili na sijasikia hata kikohozi. Huyu kaja juzi tu, kaitwa kwa jina.

Alipofuturu alitapika. Uji wote na tende. Tumesema tende zilikuwa za zamani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwona.

Mchana kweupe, mashine inanguruma, nimeingia kuchukua mkasi Salma aliouacha chumbani. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, kanipa mgongo, anatazama ukuta. Mabega yake yale, moja chini kidogo. Mtandio wake wa kahawia. Uso sikuuona. Nilitaka kusema kitu, ulimi ukawa mzito. Miguu mizito kama nimekanyaga matope ya mikokoni. Nikarudi nyuma mpaka ukumbini, nikakaa sakafuni. Salma kanikuta hapo.

"Umemwona?"

Nikaitika kwa kichwa. Tukashikana mikono kama watoto. Yeye anafurahi tu. Mimi naogopa, na nafurahi pia. Vyote viwili kwa pamoja, na sijui kipi kimezidi.

Kola ya Bi Tatu nimeishona ndani nje. Nimeifumua.

Paka wa jirani, aliyezoea kulala uani kwetu, kahamia juu ya ukuta wa nje. Ananyeshewa. Haingii.

Ijumaa, 11 Aprili

Ijumaa Hamza hafanyi kazi. Nyumba imetulia. Kichwa changu kizima, cha Salma kizima. Kala vizuri.

Mama hakuja. Salma kalia mpaka alasiri.

Baada ya sala nimemwita Mwalimu Athumani, aliyetusomesha Kurani sote wawili chuoni, anakaa mtaa wa pili. Kasikiliza. Kasoma. Kisha kasema, "Wanangu, maiti ana yake yanayomshughulisha. Harudi kukaa kitandani. Muombeeni dua, mle, mlale."

Salma kakasirika, hakumtolea hata kahawa. Nimeona haya. Nimemsindikiza mzee mpaka nje, na njiani nikawa namkasirikia na mimi. Yeye atajuaje? Hakuwepo.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nilipeleka nguo za watu Ngamiani. Huko nje mwili ukawa mwepesi, nikacheka na wateja, nikala mhogo wa kuchoma nimesimama. Nimerudi adhuhuri. Tangu mlangoni nikamsikia Salma anazungumza chumbani. Anamweleza mama habari za Moa, za minazi iliyoangushwa na upepo, za mjukuu anayeota meno. Ananyamaza kama anayejibiwa, kisha anaendelea. Nikasimama nyuma ya mlango nisikie upande wa pili. Nilisikia mashine. Nikangoja. Baadaye nikadhani nimesikia kitu kingine chini ya ule mngurumo, kama mtu anayesafisha koo.

Hamza kazima mapema. Nimemkuta kwenye ngazi za mbele, kichwa katikati ya magoti, mikono bado inatetemeka kwa mtikisiko wa mpira.

"Mama, nisamehe," kasema. "Hii nyumba ina mwenyewe."

Kichwa kinamgonga tangu Jumanne. Kila akirudi kwake Pongwe kinaacha. Jana alikuwa mzima. Mkewe, Mwanaidi, kamwambia asirudi hapa.

Salma katoka, kamwomba. Imebaki stoo, ukumbi na chumba cha mama. "Huyo mwenyewe unayemsema ni mama yetu. Hana ubaya na mtu." Hamza kijana wa adabu. Kainama, kasema Jumatatu inshallah.

Ningemwambia, nenda mwanangu, usirudi. Neno lilikuwa mdomoni. Sikulitoa. Na mimi nilitaka mama aje.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna mashine. Hakuna mama.

Salma kakaa kitandani kwa mama tangu asubuhi, anangoja. Jioni kasema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu:

"Anakuja tukimsafishia. Hujaona, dada? Mashine ikiwaka anakuja. Anapenda nyumba yake ing'ae."

Nikafikiri. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, jana. Ni kweli. Kila siku mashine iliponguruma uani, na siku hizo tu.

Kesho atakuja.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi. Mvua kubwa na upepo. Turubali limechanika. Salma kamwambia Hamza aingize mashine ukumbini na afunge mlango wa uani, maji yasimfuate. Hamza kanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikasema, ingiza.

Madirisha tumefunga. Chetezo cha udi kinawaka. Naacha kushona. Nangoja.

Alhamisi, 17 Aprili

Hamza amekufa. Niliandike hilo kwanza, nisije nikalizunguka.

Nimeruhusiwa jana. Salma bado yuko hospitali. Mkono haunitii vizuri, herufi zinakwenda zitakako.

Ninayoyakumbuka ni haya. Hamza aliwasha mashine ukumbini, akavuta mpira mpaka mlango wa stoo, akaanza kupiga ukuta wa ukumbi. Kelele ndani ya nyumba iliyofungwa ni kitu kingine. Nilizisikia mpaka kwenye mbavu. Salma alikuwa kitandani kwa mama, amejilaza, anatabasamu. Mimi nilikaa kitini kando. Kichwa kilianza kubana mapema mno. Nikasikia kichefuchefu. Nikasema moyoni, anakaribia.

Kisha akaniita. Mimi. Kwa mara ya kwanza. Si kwa jina, alisema "mwanangu", kama alivyokuwa akisema nikimaliza kumnawisha. "Mwanangu, umechoka. Njoo ulale."

Mwaka mzima nilikuwa nangoja maneno hayo. Niliinuka, sijui kwa miguu gani, nikapanda kitandani, nikalala kando ya Salma. Nilisikia raha. Niliandike hilo pia. Sikuwahi kusikia raha ile maishani mwangu. Nilisikia mashine inakwenda mbali, mbali, kama lori linalopanda barabara ya Muheza.

Mengine kanieleza Bi Tatu. Alifuata gauni lake. Alibisha, hakuitikiwa, mashine inanguruma ndani. Mlango haukuwa umekomewa. Alipofungua, hewa iliyotoka ilimchoma macho. Akaona mashine iko ukumbini inajiendea yenyewe, mpira umelala sakafuni unatapatapa kama nyoka, na mbele ya mlango wa stoo miguu yenye buti. Hakuingia. Alirudi barabarani akapiga ukunga, anaita watu. Wanaume waliokuja walivunja madirisha kwanza, wakazima mashine, ndipo wakatutoa. Bi Tatu anasema angeingia peke yake mara moja tungekuwa wanne. Sijui nani alimfundisha. Anasema hakuna, aliogopa tu.

Hamza ndiye aliyekuwa karibu na injini, tena anafanya kazi nzito, anavuta pumzi kwa nguvu. Hakufika hospitali na uhai.

Daktari ni binti mdogo, anaweza kuwa mwanangu. Nilipozinduka, mpira wa hewa puani, aliuliza swali moja. "Mama, kuna injini ilikuwa inawaka ndani?" Nikasema ndiyo. Akafunga macho kidogo.

Amenieleza. Injini ya petroli inatoa hewa ambayo haionekani na haina harufu. Ile harufu tuliyoisikia ni ya petroli na moshi, sumu yenyewe hainuki. Inaingia kwenye damu inakaa mahali pa pumzi. Kwanza kichwa, halafu kichefuchefu, miguu kuwa mizito, halafu akili inachanganyikiwa, mtu anaona na kusikia yasiyokuwepo. Halafu usingizi mtamu. "Mtu hajui kama anakufa," alisema. "Anadhani amechoka."

Nikamuuliza kama mlango ungekuwa wazi. Akasema hata mlango wazi, hata uani kwenye turubali. Injini ile hukaa nje, chini ya mbingu, mbali na madirisha, na aliyeshika mpira ndiye anayesogea, mashine haimfuati ndani.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kumsikia mama yake.

Akasema, "Mama, ubongo ukikosa hewa unaita wale unaowajua."

Ijumaa, 18 Aprili

Watu wamekuja kunipa pole. Nusu yao wanasema ni jini la nyumba, limetaka damu. Nimewaeleza ya injini. Wanaitikia kwa adabu, kisha wanatazama mlango wa chumba cha mama.

Bodaboda akiwasha pikipiki mtaani natokwa jasho.

Hamza alizikwa Jumanne, sisi tukiwa vitandani. Salma alipoambiwa kageukia ukutani.

Jumamosi, 19 Aprili

Salma karudi. Anatembea kama mgonjwa wa homa. Anasahau. Kaweka sukari kwenye chai yake, kisha kaweka tena.

Tumegombana. Siku zote tunagombana kwa kunyamaza, leo tumesema.

Nikamweleza aliyoyasema daktari. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema, "Mashine haijui kuniita Samli."

Nikamwambia mashine haijui, yeye anajua. Jina lilikuwa kichwani mwake.

"Unaniona mwendawazimu."

"Basi na mimi mwendawazimu. Mimi nilimwona."

"Ulimwona kwa sababu alikuwepo. Nilimsikia kwa sababu alikuwepo. Sikumuaga mama, dada. Nyinyi mlimzika mimi niko njiani. Akaja kuniaga. Usininyang'anye hilo."

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote alichoniambia mama siku ile. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba sauti ile iliniita nilale, na nililala. Kama Bi Tatu angengoja gauni mpaka kesho yake, tungezikwa siku moja na Hamza.

"Kama yule alikuwa mama," nikamwambia, "basi mama alitaka kutuua. Mimi na wewe, na mtoto wa watu. Mama yetu? Mimi siwezi kumsingizia hilo. Bora iwe mashine."

Salma aliinuka akaenda chumbani kwa mama na nikasikia anafungua dirisha, lile lililobaki na kioo. Lilikuwa limeshikwa na kutu. Alilisukuma mpaka likalia.

Jumapili, 20 Aprili

Hitima imesomwa. Watu wachache kuliko tulivyopanga. Ukumbi nusu umeoshwa, nusu mweusi, mpaka wake unaonekana wazi ukutani pale mkono wa Hamza uliposimama. Wageni walikuwa wanautazama.

Nilimwomba Mwalimu Athumani amtaje Hamza katika dua, pamoja na mama. Kamtaja. Salma akalia kwa sauti mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Sijui alikuwa anamlilia nani.

Mwalimu hakusema neno kuhusu siku ile ya Ijumaa. Nilimshukuru moyoni kwa hilo. Na yeye siku ile hakujua ya injini.

Jumanne, 22 Aprili

Tumekwenda Pongwe, mimi na Salma. Nilikuwa sijalala.

Mwanaidi, mjane wa Hamza, ni msichana mwembamba, macho makubwa. Amekaa eda kwenye chumba kimoja na mama mkwe wake. Tumesalimiana na mzee yule, shikamoo bibi, marahaba wanangu. Katupokea vizuri. Hilo lilinivunja zaidi kuliko matusi.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yamenikimbia. Nikasema tu, "Aliniuliza kwa macho. Mimi ndiye niliyesema aingize."

Salma akasema, "Ni mimi niliyemwambia kwanza. Tena Jumamosi alitaka kuacha, nikamwomba arudi."

Mwanaidi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakusema tumesamehewa. Hakusema hatukusamehewa. Aliuliza:

"Aliwaambia kichwa kinamuuma?"

Nikasema aliniambia.

"Na mimi aliniambia. Kila jioni. Nikadhani ni kitu cha nyumba yenu kimemshika. Nikaenda kwa mganga, nikamfungia hirizi mkononi." Akashika mkono wake mwenyewe, juu ya kiwiko, akaonyesha mahali. "Waliomkosha kabla ya kumvika sanda wamenirudishia."

Mama mkwe alikuwa anavuta uradi kwa tasbihi, akauacha katikati.

Mashine iko bandani kwao. Ndugu waliifuata kwetu. Mdogo wake Hamza, Idi, mtu mzima mwenye watoto, anataka kuendelea na kazi, ndiyo inayowalisha. Alikuwa nje anaifuta. Niliisikia harufu yake kabla sijaiona, nikarudi nyuma, Salma akanishika.

Nikamwita Idi. Nikamwambia yote aliyoniambia daktari, polepole, kama ninavyomfundisha mwanafunzi kukata kitambaa. Isiingie ndani ya nyumba. Isiwashwe uani wala chini ya turubali, wala karibu na dirisha la mtu. Kichwa kikiuma, zima, toka, na uwaambie na wenye nyumba watoke.

"Lakini mama, moshi wake mdogo tu," kasema. "Ukifungua mlango unatoka."

"Kaka yako alikuwa na mlango," nikamwambia. "Unaoua hauonekani."

"Na mwenye nyumba akisema ingiza? Mvua inanyesha, yeye ndiye anayelipa?"

Salma ndiye aliyejibu. Sauti yake ndogo, lakini haikutetemeka.

"Mwambie kuna mtu alikufa Chumbageni. Mwambie na sisi tulikuwa tunalipa."

Idi kaendelea kuifuta mashine, mkono ukapungua kasi, ukasimama. Mwanaidi alikuwa mlangoni nyuma ya pazia, anasikiliza. Nilimwona vidole tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Salma kaondoka kurudi Moa. Kabla hajatoka kanisaidia kuusugua ukuta wa ukumbi uliobaki, kwa brashi na maji na sabuni ya unga. Kazi ya siku nzima kwa kipande kidogo. Mikono imechubuka. Mpaka ule bado unaonekana.

Tulipopumzika kasema, bila kunitazama, "Nilifurahi, dada. Zile siku. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Nikamwambia na mimi.

Mlangoni kanikumbatia kwa nguvu. Hatukumbatiani sisi, hatuna desturi hiyo. Kasema ataniletea nazi. Nilitaka kumwita Samli. Nikaogopa. Jina hilo si langu.

Ijumaa, 25 Aprili

Bi Tatu kachukua gauni. Kola imekaa. Kanikatalia nisimshukuru. Kasema, "Nilifuata nguo yangu tu."

Nimemsikia mtu anaosha gari mtaa wa nyuma. Mashine ya namna ile. Niliweka mkasi chini nikakaa nimeziba masikio mpaka kelele zikaisha. Nilipoachia, nikajikuta nasikiliza kama kuna sauti nyingine chini yake. Bado nasikiliza. Nimejichukia.

Jumapili, 27 Aprili

Jana nimehamia chumba cha mama. Kina upepo kuliko changu. Vioo vilivyovunjwa sijavirudisha bado, fundi atakuja wiki hii. Nimetandika shuka safi, nimelala upande wa ukutani.

Mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Nimeamka alfajiri kwa adhana. Nimeumwa na mbu mikono yote. Hakuna aliyeniita.